Kupima ubora wa mtandao wa tawi kwenda kwenye mifumo ya wingu: njia nne, na ipi inafaa ofisi za Kigoma

Ofisi nyingi za Kigoma siku hizi hazina sava ndani. Mfumo wa uhasibu uko kwenye wingu, barua pepe na mafaili yako hukohuko, na tawi la Kasulu au Kibondo linahitaji kompyuta, ruta na laini ya mtandao tu. Mpango huu unakwenda vizuri mpaka mhasibu wa Kasulu apige simu makao makuu: "Kaka, mfumo unazunguka tu, na wateja wamejaa dirishani." Afisa TEHAMA anaufungua mfumo uleule pale mjini, unafunguka. Anampigia mtoa huduma wa intaneti, anaambiwa laini iko hewani. Anamwandikia mwenye mfumo, anajibiwa kuwa sava zinafanya kazi. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na mhasibu bado amekwama.

Kazi ya chombo cha ufuatiliaji ni kuumaliza ubishi huo. Kwa hiyo nimezipima njia hizi nne kwa maswali matatu. Kipimo kinafanyika ukiwa umekaa wapi? Kinaweza kutenganisha tatizo la ndani ya ofisi, la laini, na la mfumo wenyewe? Na mtandao ukikatika, kumbukumbu zinabaki? Uzuri wa dashibodi nimeuweka kando, maana dashibodi ya kupendeza isiyojibu swali la pili haina msaada siku ya tatizo.

Kabla ya vyombo: nini hasa kinapimwa

Wengi hukimbilia kupima spidi. Spidi ina maana ukishusha faili kubwa, lakini mfumo wa uhasibu unaofunguka kwenye kivinjari hutuma na kupokea vipande vidogo kwa kupokezana, na kila kipande husubiri jibu la kile kilichotangulia. Hapo kinachoumiza ni muda wa pakiti, yaani vipande hivyo, kwenda na kurudi, muda huo kuyumbayumba, na pakiti kupotea njiani. Laini ya Mbps 50 inayopoteza pakiti 3 katika kila 100 itamtesa mhasibu kuliko laini ya Mbps 5 iliyotulia. Tena kipimo cha spidi kinakula kifurushi: sekunde 10 kwa Mbps 20 ni MB 25, na ukikirudia kila saa umeshachoma MB 600 kwa siku kwa upande wa kushusha peke yake.

Umbali nao haukwepeki. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 za njia ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,250. Faiba yenye urefu kama huo inatumia milisekunde 12 au 13 kabla pakiti haijafika hata pwani. Baada ya hapo yote yanategemea mfumo umewekwa kituo gani. Microsoft ilifungua vituo vya wingu lake la Azure Afrika Kusini mwaka 2019, AWS (wingu la Amazon) ikafungua Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Mfumo uliowekwa Ulaya uko mbali zaidi, na kilomita 10,000 za nyaya ni milisekunde 100 ambazo hakuna fundi wa kuzipunguza. Tawi linalotumia setilaiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta ndilo lenye mzigo mkubwa: karibu nusu sekunde inaisha angani hata kama hakuna foleni yoyote. Kabla hujamlaumu mtoa huduma, muulize muuzaji wa mfumo sava ziko wapi.

Kwa simu na mikutano ya Teams, Microsoft wametoa viwango vya kulenga kutoka kwa mtumiaji hadi lango la mtandao wao: kwenda na kurudi chini ya milisekunde 100, kuyumba chini ya milisekunde 30, na upotevu wa pakiti chini ya asilimia 1 katika kipindi chochote cha sekunde 15. Hata kama hutumii Teams, namba hizo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Njia ya kwanza: kuping matawi kutoka makao makuu

Hii ndiyo iliyozoeleka. Kompyuta moja mjini, ikiwa na programu ya ufuatiliaji kama PRTG au Zabbix, inaping ruta ya kila tawi, yaani inatuma pakiti fupi na kusubiri jibu, na kuwasha taa nyekundu tawi lisipojibu. Ni rahisi kuifunga na inakwambia tawi liko hewani au halipo.

Kwa swali letu haitoshi. Kama tawi la Kibondo linakwenda intaneti moja kwa moja, trafiki yake kuelekea mfumo wa uhasibu haipiti makao makuu kabisa, kwa hiyo unapima barabara ambayo mhasibu haitumii. Tawi la laini ya 4G linaongeza tatizo jingine: kwa kawaida halina anwani ya umma, limejificha nyuma ya NAT ya kampuni ya simu (wateja wengi wakitumia anwani moja ya umma), na ping ya kutoka nje haifiki bila VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti). Njia hii ina maana pale tu ambapo trafiki yote ya matawi inarudishwa makao makuu kwa VPN kabla ya kutoka. Na kama ndivyo mlivyofunga, ulizeni upya kwa nini, maana Microsoft wenyewe wanashauri trafiki ya Microsoft 365 itokee palepale tawini.

Njia ya pili: kisanduku kidogo ndani ya tawi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoiamini kwa ofisi nyingi za mkoa huu. Unachukua Raspberry Pi au kompyuta ndogo ya zamani, unaweka Linux, unaichomeka kwa waya kwenye swichi ya tawi (si kwa Wi-Fi, maana utachanganya tatizo la Wi-Fi na la laini), na inapima ikiwa imekaa alipokaa mhasibu.

Programu ya kwanza ya kuweka ni SmokePing. Iliandikwa na Tobias Oetiker, aliyeandika pia MRTG na RRDtool, programu za kuchora grafu za vipimo. Ikija bila kubadilishwa chochote, hutuma ping 20 kwa kila lengo kila baada ya sekunde 300, kisha huchora muda wa katikati kama mstari, na tofauti za ping zile nyingine kama moshi wa kijivu kuuzunguka mstari huo. Mstari hubadilika rangi pakiti zinapopotea. Kwa lengo moja, ping hizo ni 5,760 kwa siku, na data yake kwenda na kurudi haifiki hata MB 1. Hakuna kifurushi kitakacholalamika.

Siri iko kwenye kuchagua malengo. Usiweke 8.8.8.8 peke yake kama inavyofanywa kila mahali. Anwani hiyo hutangazwa na Google kutoka sehemu nyingi duniani na hujibiwa na iliyo karibu kimtandao. Inaweza kuwa safi huku njia ya kwenda kwenye mfumo wako imeharibika. Weka malengo manne kwa mpangilio wa umbali: ruta ya tawi, kituo cha kwanza cha mtoa huduma, anwani iliyoko Dar es Salaam, na mfumo wenyewe. Ukishakuwa na grafu nne, moja juu ya nyingine, tatizo linaonekana linapoanzia.

Tuchukue hali inayotokea sana kwenye matawi. Saa 3 asubuhi mstari wa kwenda kwenye mfumo umelala kwenye milisekunde 60, moshi mwembamba. Saa 4 unapanda hadi 700, moshi umejaa ukurasa, rangi imegeuka. Grafu ya ruta ya tawi iko palepale chini ya milisekunde 1, kwa hiyo swichi na nyaya za ndani hazina kosa. Grafu ya kituo cha kwanza cha mtoa huduma imepanda sawasawa na ile ya mfumo. Maana yake foleni iko kwenye laini ya tawi yenyewe, na mara nyingi ni upande wa kupandisha: kamera za ulinzi zinatuma video kwenye wingu, au kompyuta ya meneja imeanza kuhifadhi nakala ya mafaili. Laini haijakatika na wala haijaharibika, imejazwa. Mtoa huduma akikwambia iko hewani yuko sahihi. Dawa iko kwenye ruta yako: weka udhibiti wa foleni, kama CAKE au fq_codel, ambazo ruta za MikroTik zenye mfumo wa RouterOS 7 zinazo, na ushushe kikomo cha kupandisha kidogo chini ya uwezo halisi wa laini. Hakuna haja ya kununua Mbps zaidi.

Ping peke yake ina mipaka. Sava nyingi za wingu zimezima majibu ya ping, na baadhi ya ruta za njiani huziweka ping nyuma ya trafiki nyingine. Ndiyo maana kisanduku kipime pia kwa HTTPS, kama kivinjari kinavyofanya. Amri ya curl inaweza kukuandikia muda kwa hatua: kutafuta jina kwenye DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), kuunganisha, kukamilisha usimbaji wa TLS, na kupata baiti ya kwanza ya jibu. Kuunganisha ni safari moja ya kwenda na kurudi, TLS 1.3 inaongeza moja, TLS 1.2 inaongeza mbili. Ukiona kuunganisha kumekamilika kwenye milisekunde 160, TLS kwenye 330, halafu baiti ya kwanza ikaja baada ya sekunde 4, mtandao ulishamaliza kazi yake mapema. Sekunde tatu na nusu ni za upande wa mfumo, na barua ya malalamiko iende kwa mwenye mfumo. Mfumo ukiwa nyuma ya CDN (sava za kati zinazowekwa karibu na watumiaji), muda wa kuunganisha ni wa kufika kwenye CDN tu, hivyo zile sekunde zilizobaki zinajumuisha pia safari ya CDN kwenda kwenye sava yenyewe. Hata hivyo tawi lako linakuwa limeshatoka kwenye lawama.

Je, uweke SmokePing, Zabbix proxy (msaidizi wa Zabbix anayekaa tawini) au Uptime Kuma? Si lazima uchague moja, lakini zina tabia tofauti. Uptime Kuma ndiyo nyepesi kufunga: inapima HTTPS, inatuma arifa Telegram, na mtu asiye mtaalamu anaielewa siku hiyohiyo. Haikuonyeshi kuyumba kwa muda kwa kina kama SmokePing. Zabbix ni nzito kujifunza, ila kwa mazingira ya kukatikakatika ina jambo moja kubwa: proxy iliyoko tawini huendelea kupima mtandao ukiwa umekatika, hutunza data kwake, kisha huituma makao makuu laini ikirudi. Angalieni kigezo cha ProxyOfflineBuffer. Kinakuja kikiwa saa 1, na kinaweza kupandishwa hadi saa 720. Tawi ambalo laini inaweza kukaa chini mchana mzima likiachiwa saa 1 litapoteza ushahidi wa tukio lenyewe mlilokuwa mnalitafuta. Wekeni saa 72 au zaidi.

Arifa nayo itoke nje ya tawi. Kisanduku hakiwezi kutuma ujumbe wa kukatika kupitia laini iliyokatika. Uptime Kuma ina aina ya kipimo iitwayo Push: kisanduku cha tawi kinabisha hodi kwenye Uptime Kuma iliyoko makao makuu kila dakika, na ukimya ukizidi muda uliopangwa, makao makuu ndiyo yanayopiga kengele. Inafanya kazi hata nyuma ya NAT ya 4G.

Gharama ya njia hii iko kwenye mikono. Lazima awepo mtu wa kusasisha Linux na kuangalia kama kisanduku kiko hai. Kadi za SD huharibika umeme ukikatwa ghafla mara kwa mara, kwa hiyo tumieni SSD na mkiunganishe kwenye UPS ileile ya ruta. UPS ikiwa na waya wa USB, kisanduku kirekodi pia kama umeme upo, la sivyo kila pengo kwenye grafu litageuka mjadala wa kama ilikuwa laini au ilikuwa umeme.

Njia ya tatu: ruta inayopima trafiki halisi

Hapa hakuna ping ya kutunga. Ruta inaangalia mazungumzo halisi ya watumiaji na sava, inapima muda na upotevu kwa kila upande, na kukuambia tatizo liko ndani ya ofisi, kwenye laini, au kwenye sava. Meraki Insight ya Cisco, inayofanya kazi kwenye vifaa vya Meraki MX, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Haihitaji kufungua usimbaji wa HTTPS, kwa sababu muda wa pakiti unaonekana bila kusoma kilichomo.

Kwa swali la pili, hii ndiyo njia yenye jibu la moja kwa moja kuliko zote. Inapima alichokipata mhasibu mwenyewe, kwenye kompyuta yake, dakika ileile aliyolalamika. Lakini inategemea watu wawe wanafanya kazi: usiku na Jumapili haioni kitu, hivyo laini inaweza kuharibika saa 11 alfajiri na ukajua saa 2 foleni imeshajaa. Pia vipimo vinavyosoma TCP (usafirishaji unaothibitisha kila pakiti imefika) havifiki kwenye sauti ya simu za mtandaoni, inayosafiri kwa UDP (usio na uthibitisho huo), wala kwenye HTTP/3, toleo jipya la lugha ya kivinjari na sava, ambayo nayo iko juu ya UDP. Halafu kuna leseni. Inalipiwa kwa kila kifaa, na kwenye mpango wa Meraki wa leseni zote kuisha tarehe moja, muda ukiisha na siku 30 za nyongeza zikapita, vifaa huacha kupitisha trafiki. Ofisi ambayo malipo yake yanachelewa kupitishwa iandike tarehe hiyo ukutani.

Wenye MikroTik wana Netwatch ndani ya ruta tayari. Kwenye RouterOS 7 inaweza kupima kwa ICMP (yaani ping), kwa kuunganisha TCP na kwa HTTP, na kuendesha skripti hali ikibadilika. Ni kipimo cha kutunga kama cha kisanduku, na haina historia ndefu ya grafu, lakini ni bure na iko tayari kwenye kifaa ulichonacho.

Njia ya nne: wakala kwenye kompyuta ya mtumiaji

ThousandEyes, iliyoanzishwa 2010 na kununuliwa na Cisco 2020, ndiyo inayotajwa sana. Wakala wake, yaani programu ndogo ya kupima, hukaa kwenye laptopu na kuona hata nguvu ya Wi-Fi na mzigo wa kompyuta yenyewe, na huchora njia ya pakiti mpaka kwenye wingu. Njia hiyo ina thamani siku kama ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana: unaona trafiki imehamia wapi na mlolongo umerefuka kiasi gani, bila kusubiri tangazo.

Kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu na Kibondo, ambayo wafanyakazi wake wanashinda na laptopu leo ofisini, kesho kambini Nyarugusu, hii inaeleweka. Kwa SACCOS yenye matawi matatu, sioni sababu. Malipo hupanda kadiri kompyuta zenye wakala zinavyoongezeka, na ripoti zake zinahitaji mtu wa kuzisoma. Anayeiweka awajulishe wafanyakazi nini kinakusanywa kwenye kompyuta zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekuwa ikitumika tangu 1 Mei 2023.

Wenye Microsoft 365 waanze na vitu wanavyomiliki tayari: ukurasa wa connectivity.office.com unapima tawi bure, na Teams ina Call Quality Dashboard inayoonyesha ubora wa simu zilizopita.

Ningechagua nini

Ofisi ya mjini yenye matawi machache Kasulu, Uvinza au Kibondo na mtu mmoja wa TEHAMA: kisanduku, bila kusita. SmokePing na Zabbix proxy kila tawi, Uptime Kuma makao makuu kwa arifa. Ofisi isiyo na mtu wa TEHAMA kabisa iombe fundi aliyefunga MikroTik aweke Netwatch na arifa, na iishie hapo kwanza. Mwenye Meraki tayari aijaribu Insight, lakini aongeze kisanduku kimoja kwenye tawi linalosumbua zaidi ili usiku nao upimwe. Wakala wa kulipia aachiwe mwenye watumiaji wengi wanaohamahama na makao makuu yenye timu ya mtandao.

Tawi lenye laini mbili, faiba na 4G ya akiba, lipime kila laini kwa njia yake kwa kuelekeza baadhi ya malengo kupitia ruta ya pili. Vinginevyo unapima ile inayotumika tu, na siku faiba inakatika ndiyo unagundua kuwa laini ya 4G ilikufa zamani.

Ukishakuwa na data, ifikishe kwa mtoa huduma kwa namna asiyoweza kuirudisha. Weka saa ya kila kisanduku kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao) na kanda ya Africa/Dar_es_Salaam, na uandike saa kama grafu inavyoonyesha, 10:00 na si saa nne. Ambatisha grafu ya kituo chake cha kwanza ikiwa karibu na ile ya ruta yako, ili aone upande wako ni safi. Ukiongeza matokeo ya mtr (programu inayoping kila kituo cha njiani), soma mstari wa mwisho kwanza: upotevu unaoonekana kwenye kituo cha katikati lakini haufiki mwisho si upotevu, ni ruta hiyo imepunguza kujibu ping, na ukiutaja utapewa sababu ya kuitupa barua yote. Taja tarehe, saa ya kuanza na ya kuisha, na asilimia ya pakiti zilizopotea. Kisha omba namba ya tiketi na uiandike kando ya grafu, kwa sababu mkataba ukifika wakati wa kuhuishwa, rundo hilo la tiketi ndilo utakalokaa nalo mezani.